Gari la shule: tunahesabu miaka ya dereva, hatumpimi macho

Mwishoni mwa muhula uliopita, wazazi tunaosomesha watoto katika shule moja ya msingi hapa Tanga mjini tuliletewa barua ya ukurasa mmoja. Barua ilitutaarifu kwamba kuanzia muhula ujao hakuna dereva wa gari la shule atakayekuwa na umri wa zaidi ya miaka 55, na kwamba uamuzi huo umefikiwa kwa ajili ya usalama wa watoto. Kwenye kikao cha wazazi uamuzi ulipigiwa makofi. Baba mmoja aliyekaa nyuma yangu alisema, "Hapo sasa tutalala usingizi." Siku mbili baadaye barua ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa shule nyingine, na swali lilikuwa lile lile: na sisi lini?

Nadhani tumeielewa vibaya barua hiyo. Imesomwa kama hatua ya usalama, ilhali ndani yake hamna kipimo hata kimoja cha usalama. Haisemi macho ya dereva yatapimwa lini, presha yake ataiangalia nani, anakaa kwenye usukani saa ngapi kwa siku, wala breki za gari zinakaguliwa kila baada ya muda gani. Imetaja tarehe ya kuzaliwa, basi. Msimamo wangu ni kwamba umri una kazi moja kuu katika jambo hili: kutuonyesha lini tuanze kumpima dereva mara kwa mara zaidi. Ukitumiwa peke yake kama kisu cha kukatia watu, unamwondoa mtu mwenye afya yake na kumwacha mgonjwa wa miaka 43 akiendelea kubeba watoto 30, huku wazazi tukiamini kuwa hatari imeondoka.

Tuanze na sheria zilivyo. Dereva wa gari la abiria anatakiwa awe na leseni ya daraja C, na mafunzo ya magari ya abiria wengi huyapata Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo inayosimamia biashara ya kusafirisha, magari ya wanafunzi yakiwemo. Leseni ya udereva hudumu miaka 5. Kwa hiyo dereva aliyehuisha leseni akiwa na miaka 54 anaweza asiulizwe habari za afya yake na mtu yeyote mpaka afike 59. Kwa jicho la mtu wa umri huo, miaka 5 ni mingi mno. Upande wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa, na umri ni mojawapo. Inaruhusu tofauti pale inapotokana na sifa ya lazima ya kazi yenyewe. Mwajiri anayesema miaka 55 ni mwisho anapaswa basi aonyeshe ni kitu gani cha lazima katika udereva ambacho mtu hukipoteza akifika 55 na ambacho alikuwa nacho kwenye 54. Barua yetu haikujaribu.

Hata hivyo hoja ya wanaoiunga mkono ina uzito, na mzazi makini hawezi kuipuuza. Mwili unachakaa. Lenzi ya jicho hupata umanjano na ukungu kadiri miaka inavyokwenda, na mboni hupungua uwezo wa kutanuka gizani. Inakadiriwa kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani kama theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Sasa weka hilo kwenye ratiba yetu. Gari la shule linawashwa kabla ya saa 12 asubuhi, giza likiwa bado lipo. Watoto wa Pongwe na Kange huchukuliwa kwanza kwa kuwa wako mbali, kisha gari linageuza kuja mjini, na hapo ndipo penye taabu. Unakuja mashariki, jua linachomoza upande wa baharini, unalipokea usoni kwenye kimo cha kioo, na pembeni yako kuna malori ya saruji, bodaboda, na zile baiskeli ambazo Tanga haijawahi kuziacha. Mtu anayeanza kupata mtoto wa jicho haoni giza. Anaona mng'ao, kama vile kioo kimepakwa mafuta. Akipigwa na taa za lori, macho yake huchelewa kurudi sawa kuliko ya kijana. Na kwa kuwa hali hiyo huja polepole, mwenyewe hajui. Ukimuuliza atakwambia anaona vizuri tu, na kwa kadiri anavyojua atakuwa anasema kweli.

Kisha kuna sukari na presha. Dereva anayetumia dawa za kushusha sukari, akatoka nyumbani saa 11 alfajiri bila kutia kitu tumboni kwa kutegemea chai na vitumbua vya saa 3, sukari inaweza kumshuka akiwa barabarani: jasho, mikono kutetemeka, akili kuchanganyikiwa. Presha isiyotibiwa haina kelele mpaka siku inapopasua mshipa. Hata vidonge vya mafua vinavyouzwa kila duka la dawa, piritoni na wenzake, humtia mtu usingizi, na hakuna anayemuuliza dereva leo amemeza nini.

Lakini hebu tuulize, ni lipi kati ya hayo linalosubiri miaka 55? Presha inawapata watu wa miaka 40 na chini yake. Kisukari vilevile. Uchovu ndio hauna umri kabisa. Gari linalobeba watoto Ijumaa ndilo linalokodishwa Jumamosi kupeleka watu harusini Muheza au Pangani, linarudi usiku wa manane, na mara nyingi mtu aliye kwenye usukani ni yule yule. Barua inayotaja 55 inamgusa mzee aliyelala saa 3 usiku na kumwacha kijana aliyelala saa 9. Hata mtoto wa jicho, ambao kweli ni ugonjwa wa watu wazima zaidi, hauji kwa ratiba: wapo wenye miaka 65 wanaosoma maandishi madogo kwa miwani ya kawaida, na wapo wa 48 wenye kisukari ambao macho yameshaharibika. Ukitaka kujua yupi ni yupi, kuna njia moja tu, umsimamishe mbele ya ule ubao wa herufi, umfunike jicho moja, halafu jingine.

Dereva anayembeba mwanangu ana miaka 58. Watoto wanamwita Babu. Asubuhi moja nilikuwa nimefika shuleni kulipa ada, nikamkuta ameshashusha watoto na gari limezimwa. Badala ya kushuka, alianza kutembea kutoka mbele kwenda nyuma, mkono mmoja ukigusa mgongo wa kila kiti, na kila baada ya viti viwili aliinama akachungulia chini. Kwenye kiti cha mwisho kabisa akasimama. Alipoinuka alikuwa amembeba mtoto wa darasa la awali, amelala fofofo, kiatu kimoja mguuni na kingine kikiwa mkononi mwa Babu. Dada wa gari alikuwa ameshawahesabu watoto na kusema wametimia. Gari lililofungwa vioo kwenye jua la Tanga huwa tanuri kabla ya saa 4. Naelewa kwamba dereva mmoja mwangalifu hathibitishi kitu kuhusu madereva wote wa umri wake, ila kitendo kile kilinionyesha kipimo ambacho barua haikukifikiria. Kazi ya gari la shule inahitaji magoti yanayokunja, shingo inayogeuka mpaka kwenye kioo cha pembeni, mguu unaoweza kukandamiza breki kwa nguvu mara ishirini mfululizo. Siku Babu akishindwa kuinama, aondolewe. Na kijana wa miaka 35 asiyeinama kwa sababu anawahi tripu nyingine, aondolewe pia.

Hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni ya wale wanaosema upimaji unanunulika na tarehe ya kuzaliwa hainunuliki. Mwenzangu mmoja kwenye kikao alilisema waziwazi: cheti cha afya kinaweza kuandikwa bila mtu kuvua shati, ila miaka ni miaka. Sitamkatalia kuhusu cheti. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa karatasi iliyogongwa mhuri kwamba macho yangu ni mazima, na aliyegonga hakuwa ameinua uso kunitazama. Ninapotofautiana naye ni kwenye imani yake juu ya miaka. Watu tunaowazungumzia walizaliwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na wengi wao walizaliwa nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, bila cheti. Ukiwauliza umri, mmoja atakwambia alizaliwa mwaka wa Uhuru, mwingine baada ya Azimio la Arusha kidogo. Tarehe zilizomo kwenye vitambulisho vyao zilitokana na kumbukumbu za mama, na pengo likizidi, na hati ya kiapo. Ukomo wa miaka ukishakuwa ndio mlango wa mkate, tutaona watu wakipungua umri. Atakayefukuzwa ni yule mwaminifu aliyesema kweli. Macho hayaapiwi mbele ya wakili. Ukiwa na mtu mwaminifu wa kupima, yatajibu yenyewe. Kwa hiyo kama shida ni vyeti vya uongo, shule ichague yenyewe hospitali, ilipe yenyewe, na majibu yaende moja kwa moja kwa shule bila kupitia mfukoni mwa dereva. Tena majibu yawe neno moja, anafaa au hafai, kwa sababu ugonjwa wa mtu si habari ya kundi la WhatsApp.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi: kwamba serikali yenyewe inastaafisha watu wakiwa na miaka 60, wengine 55 kwa hiari, kwa hiyo dereva naye apumzike. Kustaafu kwa mtumishi wa umma hakujawahi kuwa kipimo cha afya. Ni utaratibu wa mafao na wa kupisha nafasi. Dola yenyewe imelionyesha hilo, kwa kuwa maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa muda hadi miaka 60 kwa hiari na 65 kwa lazima. Kama miaka 60 ingekuwa na maana kwamba mikono inatetemeka na macho yamefifia, daktari bingwa wa upasuaji angekuwa mtu wa kwanza kunyang'anywa kisu. Tunamwacha kwa sababu ya ujuzi wake, na kwa sababu tunaamini wenzake watamwona akianza kushindwa. Zaidi ya hapo, anayestaafu serikalini anaondoka na pensheni. Madereva wengi wa magari ya shule wanafanya kazi kwa mapatano ya mdomo au mkataba wa mwaka mmoja, na ambaye mwajiri hakumwekea michango NSSF atarudi nyumbani mikono mitupu. Kuhusu vijana wanaokosa ajira, ni kilio cha kweli, ila hatuwezi kukijibu kwa kutumia watoto wa darasa la awali.

Wapo waliotoa mfano wa marubani, na huo unastahili kujibiwa kwa makini zaidi. Ni kweli kwamba tangu 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka miaka 65 kuwa mwisho wa rubani wa ndege za abiria za kimataifa. Lakini kabla ya hapo kikomo kilikuwa 60, na kilisogezwa kwa sababu ushahidi na upimaji viliruhusu. Rubani aliyevuka 60 anapimwa afya kila baada ya miezi 6, na pembeni yake anakaa rubani mwingine anayeweza kuishika ndege. Umri kwake ni ukuta wa mwisho baada ya vipimo vingi. Sisi tunataka kujenga ukuta huo bila kupima kitu. Uingereza wamekwenda njia nyingine kwa madereva wa mabasi: ripoti ya daktari kila miaka 5 kuanzia 45, na kila mwaka kuanzia 65, bila umri wa mwisho.

Mahakama za Marekani zimeligeuza swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1974 kampuni ya mabasi ya Greyhound ilishinda kesi kuhusu sera yake ya kutoajiri madereva wapya waliofikisha miaka 35, na hilo lazima nilitaje kwa kuwa liko upande wa wapinzani wangu. Ila katika kesi hiyo hiyo ushahidi wa kampuni ulionyesha kwamba dereva wao salama kuliko wote alikuwa na miaka 50 hadi 55 na uzoefu wa miaka 16 hadi 20 katika kampuni. Yaani kampuni ilitaka vijana ili waje kuzeeka mikononi mwake, wakati shule yetu inataka kuwatoa wazee pale pale wanapokuwa wameiva. Kipimo ambacho Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikikubali mwaka 1985, kwenye kesi ya wahandisi wa ndege, kilizaliwa katika kesi nyingine ya mabasi huko Florida mwaka 1976: mwajiri anayeweka ukomo wa umri aonyeshe ama kwamba karibu wote waliovuka umri huo hawaiwezi kazi kwa usalama, ama kwamba haiwezekani kumpima mmoja mmoja. Sheria hiyo haituhusu sisi, lakini swali linatufaa. Shule yenye madereva wanne, katika mji wenye hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, haiwezi kusema kuwapima mmoja mmoja hakuwezekani.

Tuziangalie pia ajali zilizotutoa machozi. Mei 6, 2017, wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa Karatu. Mashtaka yaliyofuata mahakamani yaligusa mambo kama leseni ya usafirishaji, idadi ya abiria na mkataba wa ajira wa dereva. Julai 2022 huko Mtwara gari la wanafunzi lilitumbukia kwenye korongo, na taarifa za awali zilizungumzia breki. Aprili 2024, Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mvua likijaribu kuvuka. Katika misiba hiyo mjadala haukuwa juu ya uzee wa dereva. Ulikuwa juu ya gari, mvua, mteremko, makaratasi ambayo hayakuwepo, na uamuzi wa dakika moja wa kuvuka au kusubiri. Uamuzi wa kusubiri, kwa jinsi ninavyowajua madereva, hujifunzwa kwa miaka.

Halafu atakayechukua nafasi ya Babu ni nani? Kwa mshahara unaotolewa, atatoka kwenye daladala, alikozoea kukimbizana na hesabu ya tajiri kabla jua halijazama, au atakuwa deiwaka aliyeitwa asubuhi hiyo hiyo. Simlaumu, kazi ile imemfundisha hivyo. Lakini tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kwa kila kilomita hatari ni kubwa kwa madereva vijana, inashuka kwenye umri wa kati, na inaanza kupanda tena kwenye miaka ya 70. Tukikata kwenye 55 tunakata sehemu ya chini kabisa ya mstari huo.

Kwa sababu hiyo hiyo sitasema umri usiwe na mwisho. Mtu wa miaka 70 asibebe watoto 30, hata akipita vipimo vyote, kwa kuwa mshtuko wa moyo hautabiriki kwa mashine na uwezekano wake unaongezeka. Namba hiyo ni hukumu yangu, na inaweza kujadiliwa. Kabla ya hapo ningependa kila dereva, kijana na mzee, apimwe macho, presha na sukari anapoajiriwa. Kuanzia 45 kila baada ya miaka miwili. Kuanzia 60 kila mwaka, pamoja na jaribio la barabarani alfajiri, kwenye njia ile ile ya Pongwe, jua likiwa usoni. Anayeonekana kupungua kidogo si lazima afukuzwe. Anaweza kubaki na tripu ya mchana ya watoto wa awali na kuondolewa kwenye safari ya kimasomo ya Lushoto, maana kupanda kutoka Mombo ni kazi nyingine kabisa. Na dada wa gari afundishwe kushika usukani na kuvuta breki ya mkono. Hakuna dereva wa umri wowote ambaye hawezi kuzimia, na leo dada huyo amefundishwa kuhesabu watoto na kufunga mlango tu.

Haya yana gharama, na naamini ndiyo sababu barua imechagua njia nyepesi. Barua ni karatasi moja na mhuri. Kupima madereva ni pesa kila mwaka, na ada ya gari tunailalamikia tayari. Mimi niko tayari iongezwe kwa kazi hiyo, na nitalisema mbele ya wazazi wenzangu.

Kikao kingine ni kabla ya shule kufunguliwa. Nitaomba barua isianze kutumika mpaka madereva wote wanne wapelekwe Bombo Jumamosi moja kwa gharama ya shule, yule wa miaka 31 akiwemo, kisha tukae na majibu mezani. Nimeshazungumza nao. Babu amesema atakwenda hata kesho. Kijana naye amekubali, ila aliniuliza kama Jumamosi hiyo italipwa kama siku ya kazi. Nimemwambia hilo nalo nitaliweka kwenye ajenda.